Rubavu hadi Rusizi kwa baiskeli ya milimani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeendesha baiskeli kando ya Ziwa Kivu mara tatu: mara ya kwanza na wenzangu wawili, mara mbili zilizofuata peke yangu. Kila nikirudi nyumbani Mwanza maswali ni yale yale, na mengi yanatoka kwa watu ambao wana baiskeli nzuri ndani ila wanadhani safari za namna hii ni za watalii kutoka Ulaya. Nawaandikia hao hasa.

Njia yenyewe iko wapi, na kwa nini inaitwa Congo-Nile?

Iko magharibi mwa Rwanda. Inaanzia mji wa Rubavu kaskazini mwa ziwa, inaishia Rusizi kusini, jumla kilomita 227. Katikati kuna mji wa Karongi. Wenyeji wengi bado wanatumia majina ya zamani, yaani Gisenyi, Cyangugu na Kibuye, kwa hiyo ukiuliza njia taja jina la zamani, utajibiwa haraka. Mji wenye stendi kule mwisho unaitwa Kamembe.

Jina limetokana na mgongo wa milima unaogawa maji. Mvua inayonyesha upande wa magharibi wa mgongo huo inateremka Kivu, inatoka kwa mto Rusizi hadi Ziwa Tanganyika, inapita Lukuga, inaingia mto Congo na kumwagika Atlantiki. Inayonyesha upande wa mashariki inakwenda Nyabarongo, kisha Akagera, kisha Ziwa Victoria, na kutoka hapo Nile hadi Misri. Mimi nimekulia ufukweni Mwanza nikichota maji ya ziwa kwa ndoo. Siku niliposimama juu ya mgongo ule na kuoneshwa bonde linalotiririkia upande wetu, nilinyamaza kwa muda.

Njia ya baiskeli yenyewe haiko kileleni. Sehemu kubwa iko chini, upande wa Congo, ikifuata ziwa.

Mimi si mwanariadha. Nitaweza?

Utaweza kama umejiandaa na huna haraka. Ila usidanganywe na neno "kando ya ziwa". Sisi wa Victoria tumezoea ufuko wa tambarare. Kivu haina hiyo. Maji yenyewe yako mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mita 300 juu ya Ziwa Victoria, na milima inaingia ziwani moja kwa moja kama vidole. Barabara inashuka hadi kwenye kijito, inavuka daraja, inapanda kidole kinachofuata, inashuka tena. Unasimama kilimani unaona kanisa ng'ambo ya ghuba, karibu kiasi kwamba kengele yake unaisikia, na kulifikia kunakuchukua saa nzima.

Mazoezi mazuri ni milima, si kilomita. Aliye Tanga apande kutoka Mombo hadi Lushoto, aliye Morogoro aende Uluguru, aliye Nairobi ajaribu Ngong. Ukiweza kupanda saa mbili mfululizo kwa gia nyepesi, ukashuka, ukala, na kesho yake ukarudia, uko tayari. Na kushuka na kuikokota baiskeli si aibu. Wenyeji wenyewe, wenye mapaja kama mawe, wanakokota.

Ni siku ngapi?

Tano kwa baiskeli ndiyo kawaida. Wanaotembea kwa miguu hutumia kama kumi. Mimi nashauri sita, ili Karongi upumzike siku nzima. Vituo nilivyolala katika safari hizo tatu ni Kinunu, Musasa, Karongi, Mugonero na Shangi.

Mwenye siku tatu tu afanye Rubavu hadi Karongi. Hiyo ndiyo nusu tamu. Kutoka Rubavu unapita kiwanda cha bia, chemchemi za maji moto za Nyamyumba, kisha unaingia kwenye mashamba ya kahawa yanayoshuka hadi majini. Upande wa kusini unakutana zaidi na lami, kwa sababu siku hizi kuna barabara kuu ya lami inayounganisha miji yote mitatu. Lami hiyo usiidharau. Siku mvua ikikukamata na udongo ukageuka sabuni, ndiyo itakayokufikisha kitandani.

Kuna msitu kweli, au ni mashamba matupu?

Swali hili nalipenda, kwa sababu jibu lake ndilo historia ya eneo zima.

Ukiwa njiani utaona zaidi mikaratusi, iliyopandwa kwa ajili ya kuni, mkaa na nguzo. Kivuli chake ni chembamba lakini harufu yake asubuhi baada ya mvua inafungua kifua. Angalia tu majani yake makavu kwenye kona za mteremko: yanateleza kuliko mchanga. Msitu wa asili uko juu zaidi, mgongoni, na lazima uuendee.

Wa kwanza ni Gishwati, upande wa kaskazini. Miaka ya 1970 ulikuwa na hekta 28,000 hivi. Ukakatwa kwa ajili ya miradi ya ng'ombe, kisha baada ya 1994 wakimbizi waliorejea wakahitaji pa kuishi na kulima, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki hekta kama 600 tu. Udongo uliokuwa umeshikwa na mizizi ukaanza kuporomoka juu ya wale wale waliokuwa wakiulima. Miti ikaanza kupandwa upya, na mwaka 2015 kipande kilichobaki kikaunganishwa na msitu wa Mukura kuwa hifadhi ya taifa. Sokwe bado wamo. Mara ya tatu niliacha njia ya ziwa kwa siku mbili ili nipande huko. Ukingoni mwa hifadhi kuna sehemu ambapo mkono wa kushoto ni malisho yenye ng'ombe na mkono wa kulia ni ukuta wa miti yenye ndevu za kuvu, na joto linashuka ghafla upande mmoja wa mwili. Kuingia ndani ni kwa mguu na mwongozaji wa hifadhi. Baiskeli unaiacha getini.

Wa pili ni Nyungwe, kusini. Huo ni mkubwa, zaidi ya kilomita za mraba 1,000, na mwaka 2023 uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Barabara kuu ya kutoka Kamembe kwenda Huye na Kigali inakata katikati yake. Ni lami, lakini kwangu ni kilomita bora kuliko zote: ukungu, baridi ya kuvaa koti, mbega wanaruka juu ya kichwa chako, na kati ya lori na lori ni kimya kitupu. Anza asubuhi mapema ili utoke msituni kabla ya jioni.

Nije na baiskeli gani?

Fremu imara, tairi pana zenye meno, upana wa inchi mbili au zaidi, na gia nyepesi kuliko unavyodhani unahitaji. Shokapu za mbele zinasaidia mikono. Za nyuma si lazima. Kinachoamua ni breki. Mteremko mmoja kuelekea Kinunu unabana breki dakika ishirini, na mwenye breki mbovu hapo hana pa kukimbilia.

Nasema hivi kwa kuwa yalinikuta. Safari ya kwanza nilikodi baiskeli mjini, nikaizungusha uwanjani, nikaona breki zinakamata, nikalipa. Siku ya pili katikati ya mteremko nikasikia chuma kinasaga chuma. Vibao vya breki ya nyuma vilikuwa vimekwisha tangu zamani. Niliangukia kwenye ukingo wa shamba la maharage, nikachubuka kiwiko na paja, na mama mwenye shamba akaacha jembe akaja kunipangusa kwa kanga yake kabla hajaniuliza nimeharibu mashina mangapi. Ukikodi, vua tairi, angalia unene wa vibao kwa macho yako, na beba jozi moja ya akiba ya aina hiyo hiyo. Mwenye duka akikukatalia kuvua tairi, nenda kwingine.

Kofia ngumu hilo si swali.

Ikiharibika katikati ya safari?

Pancha utapata. Beba tyubu mbili, viraka, gundi, pampu, funguo za boliti zako, kifaa cha kukatia mnyororo na kiungo cha akiba. Kila senta kuna fundi baiskeli, na ni mafundi kweli, lakini vipuri vyao ni vya baiskeli nzito za mizigo. Havioani na yako.

Mnyororo wangu ulikatika mara ya pili kwenye kupanda, na kifaa cha kukatia nilikuwa nimekisahau mezani nilipolala. Fundi niliyempata alikuwa chini ya mparachichi, na vifaa vyake vyote vilikuwa ndani ya ndoo ya rangi iliyokatwa. Alichukua kiungo cha mnyororo wake, akakilinganisha na wangu, akatikisa kichwa: chake ni kinene, hakiingii kwenye gia. Akatafuta msumari, akausugua ncha juu ya jiwe hadi ukawa bapa, akagonga pini ya kiungo kilichovunjika ikatoka nusu tu, maana ikitoka yote hairudi. Akatoa viungo viwili, akaunga pale pale, akakunja mnyororo kwa kidole gumba kila upande hadi ulipolegea. Kisha akanioneshea gia kubwa ya mbele na kupunga kidole: hiyo usiitumie tena, mnyororo sasa ni mfupi. Aliniomba faranga 500. Nilimpa zaidi, akanirudishia sehemu, akaniuzia parachichi kwa iliyobaki.

Niende mwezi gani?

Juni hadi Agosti, au Januari na Februari. Machi hadi Mei usijaribu. Si suala la tope tu. Mapema Mei 2023 mvua ya usiku mmoja iliporomosha milima katika wilaya za magharibi, Rubavu, Rutsiro na Karongi zikiwemo, na zaidi ya watu 130 wakafariki. Nilipopita baadaye niliona kingo zilizokatika kama mkate, na nyumba ambayo imebaki ukuta mmoja wenye dirisha.

Kuna jambo jingine la kalenda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na asubuhi yote shughuli na magari husimama. Panga kuanza safari siku hiyo mchana. Au bora zaidi, uliza kama wanapokea mikono ya mgeni. Mimi nilichimba mtaro Musasa hadi saa tano, na jioni ile kila mtu aliyepita alinijua jina.

Nitaelewana nao kwa Kiswahili?

Rubavu na Kamembe, bila shida. Ni miji ya mpakani, sokoni Kiswahili ni lugha ya biashara, ingawa ni kile cha upande wa Congo na utasikia maneno mapya. Tangu 2017 Kiswahili pia ni lugha rasmi nchini. Vijijini katikati hali ni tofauti: mfanyabiashara anakijua, mzee aliyeishi Congo au Tanzania anakijua, wengine hapana. Jifunze maneno kumi ya Kinyarwanda na uyatumie kabla ya Kiswahili. "Mwaramutse" asubuhi, "mwiriwe" jioni, "murakoze" kwa asante. Baiskeli ni "igare". Pole pole ni "buhoro buhoro", na utaambiwa hivyo kila mlima.

Watoto wanakimbilia baiskeli. Nifanye nini?

Usikasirike, na usigawe kitu.

Rwanda ni nchi iliyojaa watu. Dakika tano bila kumwona mtu ni nadra. Hiyo barabara unayoita njia ya utalii ndiyo wanayopitia kwenda shule, kisimani, kanisani na kwenye mizani ya chai. Sisi ndio tunaopita katikati ya siku yao ya kazi. Kwa hiyo punguza mwendo kwenye kila kona, piga kengele mapema, ukimkuta mama ana mzigo kichwani kwenye daraja la miti simama ngojea avuke.

Watoto watapiga kelele "agacupa!", wakitaka chupa tupu ya maji, maana chupa ni mali: ya kubebea maziwa, mafuta, maji ya shule. Ukirusha moja, kesho watoto watakimbilia magurudumu ya mwingine na siku moja ataumia mtu. Wakati mwingine wanakimbia nawe mlima mzima, mikono kwenye keria, wakikusukuma kweli kweli. Hapo simama juu, pumua nao, wasalimie mmoja mmoja kwa jina. Mvulana mmoja karibu na Bumba alinifuata kwa miguu mitupu hadi kileleni akaniuliza kwa Kiswahili cha redio kama naweza kumshinda Niyonshuti. Anamaanisha Adrien Niyonshuti, aliyeibeba bendera ya Rwanda katika Olimpiki ya London 2012 na kushindana huko kwa baiskeli ya milimani. Nchi hii inapenda baiskeli. Septemba 2025 Kigali iliandaa ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika.

Mwanamke peke yake, ni salama?

Nimefanya mara mbili, sikuguswa wala kutukanwa. Niliulizwa sana, hilo ndiyo: mume yuko wapi, watoto wako na nani. Niliwajibu ukweli, kwamba wako Mwanza na wananingoja, wakaridhika. Nilivaa suruali pana juu ya kaptula ya baiskeli, nilifika pa kulala kabla ya saa kumi na moja jioni, na kila asubuhi nilimwambia mwenye nyumba ninakolala usiku unaofuata. Kwenye vijiji vidogo mwenye nyumba mwenyewe alinipigia simu kuuliza kama nimefika.

Nitalala wapi na kula nini?

Kwenye miji kuna hoteli za kila bei. Vijijini kuna nyumba za wageni za kawaida, nyingine za parokia, na baadhi ziko ndani ya vituo vya kuoshea kahawa kama Kinunu. Piga simu siku moja kabla ili wapike. Chakula ni ndizi, viazi, maharage na isombe, yaani kisamvu. Asubuhi kula mandazi na chai ya maziwa, na njiani tafuta duka la maziwa unywe ikivuguto, maziwa ya mgando, baridi, kikombe kikubwa. Sijapata kinywaji cha dukani kinachorudisha nguvu kama hicho.

Na ule sambaza. Ni dagaa wadogo walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaliana hadi wakawa riziki ya ziwa zima. Wavuvi hutoka jioni kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, yenye miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma kama pembe za mdudu, na taa za kuvutia samaki. Kaa ufukweni Kibuye jua likizama. Kwanza unasikia wimbo, mmoja anaita na wengine wanaitikia kwa kasia, kisha mitumbwi inajitokeza nyuma ya kisiwa, na giza likiingia zinabaki taa tu, zikienda mbali polepole. Kuna wiki kadhaa kila mwaka uvuvi unasimamishwa ili samaki wazaliane. Ukikuta hivyo, kula maharage kwa amani.

Ziwa lina mamba? Na ile gesi?

Mamba na viboko hawamo. Kuogelea, waulize wenyeji wa hapo hapo wanapooga wapi.

Gesi ipo kweli. Chini kabisa Kivu imebeba methani na hewa ya kaboni nyingi sana, na karibu na Karongi utaona mtambo unaoelea unaovuta methani hiyo kuzalisha umeme. Aliye juu ya baiskeli haimdhuru. Jihadhari na kitu kingine, ambacho watu wa Goma walikipa jina la Kiswahili na wanasayansi wa dunia nzima wakalichukua: mazuku. Ni hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini maeneo ya volkano kaskazini mwa ziwa na kutuama kwenye mashimo na mabonde madogo. Haionekani, na inaua. Ukiwa upande wa Rubavu usipige hema kwenye shimo wala bonde lililozibwa, hata kama linakukinga upepo.

Naweza kuvuka Goma nikaone chukudu?

Natamani ningesema ndiyo. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ni fahari ya watu wa Goma. Lakini tangu mapigano ya Januari 2025 hali ya upande ule si ya kwenda kutalii. Baki upande wa Rwanda na uulize hali ya Rubavu na Rusizi kabla hujatoka nyumbani.

Nikienda mwezi wa Aprili?

Zaidi ya mvua, wiki inayoanza 7 Aprili ni ya maombolezo ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Hakuna muziki wala starehe. Wakati wowote wa mwaka utapita kumbukumbu nyingi, maana eneo la Kibuye liliumia vibaya. Kutoka Karongi unaweza kupanda hadi Bisesero, milima ambako Watutsi walijikusanya wakapigana kwa mawe na mikuki kwa majuma mengi, na maelfu wakauawa. Ukienda, vaa nguo za heshima na usipige picha bila ruhusa. Nilipopanda kule niliikokota baiskeli kilomita ya mwisho.

Viza, pesa na mengineyo?

Raia wa nchi za Afrika Mashariki hatuhitaji viza, beba tu pasipoti. Pesa ni faranga za Rwanda, na vijijini uwe na noti ndogo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, itoe kwenye mzigo kabla ya mpaka. Saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Na kikubwa: wanaendesha kulia. Hatari si barabarani, ni asubuhi unapotoka getini bado una usingizi na mguu unakwenda kushoto wenyewe. Mimi nilibandika utepe mwekundu kwenye mpini wa kulia wa usukani.

Nirudije na baiskeli?

Kutoka Kamembe kuna mabasi ya Kigali, kama saa sita kupitia Nyungwe. Kata tiketi jana yake na umalizane na kondakta bei ya baiskeli hapo hapo. Vua magurudumu yote mawili, geuza usukani, funga kitambaa kwenye gia za nyuma na uzielekeze juu, kisha simama pale buti linapopangwa hadi mlango ufungwe. Magunia ya viazi yakiwekwa juu yake, sema mapema. Abiria wakishakaa kwenye viti hakuna atakayeshuka kuyapanga upya.